Jeni ya Kitinasi Ndani ya Tumbo la Mbung'o

Kitini ni sukari iliyogeuzwa kuwa gamba. Kwa lugha ya kemia, ni mnyororo mrefu wa molekuli za N-asetiliglukosamini, yaani glukosi iliyoongezewa kikundi chenye naitrojeni, na minyororo hiyo inapolala sambamba na kushikamana hutokea dutu ngumu isiyoyeyuka katika maji, ambayo ndiyo inayolipa ganda la kaa, mwili wa panzi na kuta za seli za uyoga uimara wake. Mwanakemia Mfaransa Henri Braconnot aliitenga kutoka kwenye uyoga mwaka 1811, na tangu hapo imejulikana kuwa miongoni mwa dutu ambazo viumbe hai huzitengeneza kwa wingi zaidi duniani. Iwapo wingi huo haujafunika sakafu ya bahari wala udongo wa mashamba, sababu yake kubwa ni bakteria, kwa kuwa wengi wao wana jeni zinazobeba maelekezo ya kutengeneza kitinasi, kimeng'enya kinachoukata mnyororo wa kitini na kuurudisha katika hali ya sukari inayoweza kuliwa.

Bakteria aliyefundisha mengi kuhusu jeni hizi ni Serratia marcescens, anayepatikana katika udongo na maji. Jeni zake mbili za kitinasi zilitengwa na kuchunguzwa katikati ya miaka ya 1980, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba bakteria huyu hategemei kimeng'enya kimoja bali kikosi kizima, ambamo ChiA na ChiB huutafuna mnyororo kutoka ncha zake mbili zinazopingana, ChiC huukata katikati popote penye nafasi, na protini ya nne, iliyoeleweka vizuri mwaka 2010, huivunja kwa oksijeni ile sehemu ya kitini iliyobanana mno hata vimeng'enya vingine visipate pa kushika. Bidhaa ya kazi hiyo yote ni vipande vya sukari mbili mbili, ambavyo kimeng'enya kingine huvigawa kuwa sukari moja moja. Vitinasi vingi vya bakteria ni vya ukoo mmoja mkubwa ambao wanasayansi huutambua kwa mpangilio maalumu wa asidi amino mahali pa kukatia, na katika mpangilio huo asidi ya glutamiki ndiyo inayotoa protoni inayokifungua kiungo kati ya sukari na sukari.

Kwa sababu kuvu waharibifu wa mimea wana kitini katika kuta zao, na kwa sababu mayai ya minyoofundo yana tabaka la kitini pia, jeni hizi zimejipatia sifa ya kuwa rafiki wa mkulima. Wataalamu wa kilimo huwasaka bakteria wa jenasi za Bacillus na Streptomyces wenye kitinasi kali, wakitumaini kuwatumia mahali pa dawa za viwandani, na matumaini hayo yana msingi. Hata hivyo, sifa hiyo imezaa mazoea mabaya ya kufikiri, nayo ni kuidhania jeni kuwa na tabia ya kudumu, kana kwamba inayomsaidia binadamu katika shamba la viazi lazima imsaidie kila mahali. Afrika Mashariki ina mfano unaoyakataa mazoea hayo waziwazi, na mfano huo umo tumboni mwa mbung'o, ambamo jeni ya kitinasi ya bakteria inashukiwa, kwa ushahidi wa miongo kadhaa, kumfungulia njia adui wa mifugo na wa watu, kimelea kiitwacho tripanosoma.

Upande wa magharibi wa Nairobi una haki ya pekee ya kuijadili habari hii, kwa kuwa ukiifuata Waiyaki Way kutoka katikati ya jiji unapita karibu na sehemu kubwa ya historia ya utafiti wa mbung'o nchini Kenya. Katika kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanasayansi wa wadudu Thomas Odhiambo alianzisha mwaka 1970 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, ambacho baadaye kilihamia Kasarani. Westlands ndiko ziliko ofisi za AU-IBAR, idara ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia rasilimali za wanyama na ambayo ni makao ya baraza la kimataifa la wanasayansi wa tripanosoma. Mbele ya Kangemi na Uthiru kuna Kabete, yenye kitivo cha udaktari wa mifugo na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ambayo ilitanguliwa na maabara ya ILRAD iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya magonjwa mawili makubwa ya ng'ombe, nagana, inayoletwa na tripanosoma, na ndigana. Ukiendelea hadi Muguga, unaikuta taasisi iliyoitwa KETRI, ambayo Kenya iliiunda baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na kuacha kituo cha pamoja cha utafiti wa tripanosoma huko Tororo, Uganda. Leo kazi yake inaendelezwa chini ya shirika la KALRO. Ni nadra kwa mji mmoja wa Afrika kuwa na taasisi nyingi kiasi hicho zinazomtazama mdudu mmoja, ingawa mbung'o mwenyewe hana makao katika vitongoji hivyo.

Mbung'o, dume kwa jike, hula damu peke yake maisha yake yote, na damu ina upungufu wa vitamini kadhaa za kundi B. Upungufu huo huzibwa na bakteria anayeitwa Wigglesworthia glossinidia, ambaye jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo yake yote ya urithi, ilisomwa mwaka 2002 na kuonekana kuwa na herufi karibu 700,000 tu, ikiwa imebakiwa na kile kinachohitajika kwa utumishi huo. Mbung'o jike hatagi mayai, bali hulea buu mmoja kwa wakati mmoja ndani ya tumbo lake na kumlisha kwa maziwa yanayotoka katika tezi maalumu, na ni kwa maziwa hayo bakteria wa mama humfikia mtoto. Kwa njia hiyo hiyo hupita bakteria wa pili, Sodalis glossinidius, ambaye si wa lazima kama mwenzake, kwa maana mbung'o wengi porini huishi bila yeye. Huyu wa pili ndiye mwenye jeni ya kitinasi.

Habari zake zilianza kabla hajapewa jina. Katika miaka ya 1980, Ian Maudlin na wenzake huko Bristol, Uingereza, waliona kwamba kuna koo za mbung'o wa maabara ambazo huambukizwa tripanosoma kwa urahisi kuliko nyingine, na kwamba urahisi huo hurithiwa kutoka kwa mama, si kwa baba. Na walipotazama kwa darubini, waliwakuta mbung'o wa koo hizo wakiwa na bakteria wengi ndani ya seli za utumbo. Waliona pia kwamba mbung'o aliyelishwa damu iliyotiwa glukosamini, sukari iliyo jamaa ya karibu ya ile inayotokana na kitini, hushindwa kuwaua tripanosoma tumboni mwake. Maelezo waliyoyatoa yalikuwa haya: tumbo la mbung'o hutoa lektini, protini inayoshika sukari zilizo juu ya mwili wa kimelea na kukiangamiza, lakini sukari huru ikijaa tumboni, lektini huishika hiyo kwanza na kimelea kikapata nafuu. Mwaka 1993 Susan Welburn, Maudlin na wenzao, akiwemo Graham Gooday wa Aberdeen aliyekuwa bingwa wa elimu ya kitini, waliiunganisha picha yote kwa kuonyesha kwamba bakteria wale wanatoa kitinasi, na hivyo ndio wanaoweza kuwa chanzo cha sukari hiyo. Mwaka 1999 bakteria huyo aliyekwisha kukuzwa nje ya mwili wa mdudu alipewa jina la Sodalis, na ikabainika kwamba miongoni mwa vyakula vichache anavyovitumia vizuri ni N-asetiliglukosamini yenyewe.

Jaribio lililouimarisha zaidi ushahidi huo lilichapishwa mwaka 2001. Colin Dale na Welburn walitumia streptozotosini, dawa ambayo umbo lake linafanana na N-asetiliglukosamini, kwa hiyo Sodalis aliyezoea kuila sukari hiyo huimeza dawa pamoja nayo na kufa, huku Wigglesworthia akisalimika kwa kiasi kikubwa. Watoto wa mbung'o waliotibiwa hivyo walizaliwa bila Sodalis, lakini je, waliishi siku nyingi zaidi ya kawaida? La, ilikuwa kinyume chake: maisha yao yalipungua, na papo hapo wakawa wagumu zaidi kuambukizwa tripanosoma utumboni. Matokeo haya mawili yanafaa kusomwa pamoja, kwa maana yanadokeza kwamba bakteria huyu ana faida fulani kwa mdudu, na kwamba faida hiyo huambatana na gharama ambayo mdudu haioni, kwa kuwa anayeilipa ni ng'ombe, na wakati mwingine mtu.

Kuna jambo jingine linaloipa hoja hii uzito. Jenomu ya Sodalis ilisomwa mwaka 2006 na kuonekana kuwa na herufi zipatazo milioni 4.17, lakini karibu nusu yake tu ndiyo yenye maelekezo ya protini, na jeni 972 zilikuwa zimekufa, yaani mfuatano wao bado unatambulika ila umeharibika kiasi kwamba hautoi tena protini timilifu. Hiyo ndiyo hali ya bakteria aliyehamia ndani ya mdudu katika siku zisizo za mbali kwa kipimo cha mageuzi, na anayeendelea kupoteza kila ambacho hakihitaji tena. Uwezo wa kutoa kitinasi na wa kuila sukari yake umebaki katikati ya uharibifu huo, na uzito wa kubaki kwake ni mkubwa kuliko inavyosemwa kwa kawaida, kwa sababu jenomu inayomwaga mizigo kwa kasi hiyo haielekei kuhifadhi kazi isiyo na manufaa kwa mwenyewe.

Hata hivyo, namna kitinasi hiyo inavyomfaa kimelea ni suala ambalo halijafungwa. Mbali na maelezo ya lektini, kuna maelezo ya pili yanayohusu utando. Mlo wa damu hausambai ovyo tumboni mwa mbung'o, bali hufungwa ndani ya mfuko mwembamba wa kitini na protini, unaotolewa bila kukoma na kiungo kidogo kilicho mwanzoni mwa utumbo wa kati, na tripanosoma hana budi kutoka nje ya mfuko huo ili aendelee na safari yake kuelekea kwenye tezi za mate au mdomo. Ni rahisi kudhani kwamba kitinasi ya bakteria hutoboa mfuko na kimelea kikapita. Dhana hiyo ina mvuto, lakini ushahidi wa karibuni unaidhoofisha: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Trypanosoma brucei huingia pale mwanzoni kabisa, mahali ambapo utando ndiyo kwanza unatengenezwa na bado ni laini, bila kuhitaji kuutoboa ukiwa umekomaa. Zaidi ya hayo, kazi ya Brian Weiss na Serap Aksoy wa Yale ilionyesha mwaka 2013 kwamba mbung'o aliyekua bila Wigglesworthia huwa na utando dhaifu na huambukizwa kwa urahisi, jambo linalomaanisha kwamba bakteria mmoja husaidia kuujenga ukuta ambao mwingine anashukiwa kuubomoa. Kwa hiyo maelezo ya sukari na lektini, ingawa ni ya zamani, bado yanastahili nafasi ya mbele kuliko yale ya kutoboa, japokuwa hayajathibitishwa hadi mwisho.

Ugumu mkubwa zaidi umetoka porini, na kwa Kenya umetoka Kwale. Mbung'o wa eneo la Shimba Hills wamechunguzwa mara kadhaa na watafiti wenye uhusiano na Muguga na icipe, na kazi iliyochapishwa mwaka 2018, ambayo Daniel Masiga wa icipe alikuwa miongoni mwa waandishi wake, ilifikia hitimisho ambalo hata kichwa cha kazi hiyo hakilifichi: kuwepo kwa Sodalis kunahusiana na kuwepo kwa tripanosoma pale tu unapozingatia mambo mengine ya mbung'o mwenyewe, kama vile spishi, jinsia na umri wake. Katika maabara ya Bristol uhusiano ulikuwa dhahiri. Katika vichaka vya pwani ukawa wa masharti.

Baadhi ya wasomaji wa tafiti hizo wamelichukua tokeo la Shimba Hills kuwa limeiangusha hoja ya kitinasi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na sababu yake inaonekana mtu akitazama jinsi vipimo vinavyofanywa. Maabara ikitaka kujua kama bakteria anatoa kitinasi, huandaa sahani ya chakula cha bakteria iliyochanganywa na kitini laini, ambayo hupatikana kwa kuyeyusha unga wa maganda ya kaa au kamba katika asidi kali ya haidrokloriki na kisha kuumimina katika maji baridi mpaka utokee kama ukungu mweupe. Bakteria akipandwa hapo na kimeng'enya kikafanya kazi, ukungu huondoka na kuacha duara angavu kuzunguka kundi lake. Duara hilo linashuhudia tendo. Kwa mbung'o wa porini, kinyume chake, mtafiti humpasua mdudu, hutoa DNA katika utumbo au mwili wake, na kwa kipimo cha PCR, ambacho huzidisha kipande teule cha DNA hadi kionekane, huuliza swali moja tu: je, DNA ya Sodalis ipo au haipo? Jibu la ndiyo halisemi bakteria ni wangapi, wala kama jeni yao ya kitinasi imewashwa, wala kama ilikuwa imewashwa siku mbung'o alipokunywa damu yenye vimelea, siku ambayo huenda ilipita wiki kadhaa kabla hajaingia mtegoni.

Na siku hiyo ndiyo yenye uamuzi. Mbung'o huambukizwa kwa urahisi zaidi katika mlo wake wa kwanza, akiwa ametoka katika ganda lake karibuni na utando wake bado haujakamilika. Akishapita hapo hujijengea ugumu, na ndiyo maana hata katika maeneo yenye ugonjwa, mbung'o wenye T. brucei iliyokomaa kwa kawaida huwa chini ya asilimia 1. Jeni inayofanya kazi kwa siku chache mwanzoni mwa maisha ya mdudu haiwezi kupimwa kwa haki kwa kuhesabu waliobeba bakteria miongoni mwa wazee na vijana waliochanganyika mtegoni. Kinachohitajika ni kupima wingi wa ujumbe wa jeni hiyo, yaani RNA inayotolewa jeni inapowashwa, katika mbung'o wachanga ambao umri wao unajulikana, na kuupima sambamba na kiasi cha sukari huru ndani ya tumbo. Kazi hiyo ni ya kuchosha na haina mng'ao wa kusoma jenomu mpya, lakini vifaa vyake vipo Nairobi: maabara za kisasa za bayoteknolojia zipo Kabete, mbung'o wa kufugwa wapo katika taasisi za Muguga na Kasarani, na mbung'o wa porini wapo Kwale, mwendo wa siku moja kwa gari. Kinachokosekana ni wafadhili walio tayari kulipia subira.

Sababu ya kuihimiza kazi hiyo sasa ni kwamba Kenya imeingia katika kipindi cha hatari ya kusahau. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale, unaoletwa na tripanosoma kwa watu, kama tatizo la afya ya umma, na ni mafanikio ya haki, kwa kuwa mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa nchini alipatikana mwaka 2009, na wawili waliosafiri nje na ugonjwa huo walipatikana mwaka 2012. Lakini nagana haijaondoka. Baraza la KENTTEC, lililoundwa mwaka 2012 kuratibu vita dhidi ya mbung'o, lina eneo kubwa la kulinda, na mfugaji wa Kwale, Lamu au Narok angali analazimika kununua diminazini na isometamidiamu, dawa za zamani ambazo usugu dhidi yake umeripotiwa katika nchi nyingi za Afrika, huku akitegemea mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi na dawa za kupaka mifugo.

Katika hali hiyo ni kawaida kwa wazo la kumgeuza Sodalis kuwa silaha kupata wapenzi. Kwa kuwa bakteria huyu hukuzwa nje ya mdudu na hupokea jeni ngeni, watafiti wa Yale na wa Antwerp wamekwisha kuonyesha kwamba anaweza kurekebishwa ili atoe protini zinazowashambulia tripanosoma ndani ya mbung'o. Pendekezo hilo lisikataliwe kwa woga, ila anayelitetea ana deni la kueleza mambo mawili kabla bakteria yeyote hajatolewa maabara. La kwanza ni jeni ya kitinasi yenyewe: kumwongeza Sodalis katika mbung'o wa porini, ambao wengi hawanaye, kunaweza kuwapa uwezo wa kubeba vimelea ambao hawakuwa nao, ikiwa protini ya kushambulia itadhoofika na kitinasi ikabaki. Jaribio la kuifuta jeni hiyo kwanza na kuona kama bakteria anaweza kuishi na kurithishwa bila hiyo linapaswa kutangulia. La pili linahusu aina ya kimelea. T. congolense na T. brucei hupitia utumbo wa kati, kwa hiyo lektini, sukari na utando vinawahusu, lakini T. vivax, mmoja wa wasababishi wakuu wa nagana katika Afrika Mashariki, hukua mdomoni mwa mbung'o pekee bila kufika tumboni, na huweza hata kubebwa na nzi wengine wanaouma ambao si mbung'o. Kwake yeye, kitinasi ya Sodalis haifungui mlango wala haiufungi, na mpango wowote uliojengwa juu ya jeni hiyo utamwacha ng'ombe wa Lamu akiwa na homa ile ile.